Muwasho Uliodai Jina

Nawaandikia wanawake wanaojikuna kimya kimya. Mnajijua. Mnakaa mkekani ubavu huu, mnahamia ubavu ule, na mgeni akiwatazama mnasema joto la mwaka huu halina mfano. Mimi nilikaa hivyo tangu kiangazi hadi kiangazi kingine, nikaponea chupuchupu. Leo ninalima ufuta wangu mwenyewe, na naona si haki ninyamaze. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza kwamba mficha muwasho huzikwa na sifa isiyo yake. Dada yangu Somoe alizikwa hivyo, na mimi nilibakiza kidogo nilazwe kando yake.

Wanaoona kwamba mambo haya hayaandikwi wasiendelee kusoma. Wao hayajawawasha.

Muwasho ulinianza Nachingwea. Mume wangu Bakari alipata kazi kwenye mashamba makubwa ya karanga, wakati ule Wazungu walipokuwa wanang'oa pori kwa matrekta na minyororo, nami nikamfuata kutoka kwetu Nkowe. Tulipewa chumba kimoja katika safu ya nyumba za wafanyakazi. Vumbi jekundu liliingia hata kwenye chungu kilichofunikwa. Nilikuwa mwanamke mnene, na unene wangu niliupenda. Sukari ilikuja katika posho ya Bakari, na mimi niliyezoea kulamba asali kidogo kidogo kwa mama yangu, chai ile niliifanya tamu hata kijiko kikasimama.

Joto lilipokolea, muwasho ukaja. Kwanza nikadhani ni jasho la nguo. Kisha ukatoka uchafu mweupe, mzito, wa mabonge kama maziwa yaliyoganda. Ngozi ya huko chini ikawa nyekundu, ikachanika, hata mkojo ukipita nauma kanga. Na mkojo wenyewe ulikuwa hauishi. Nikinywa maji nakwenda chooni, nikirudi nina kiu kuliko mwanzo. Mambo hayo mawili, muwasho na kiu, mimi sikuyaunganisha.

Kwetu mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Atapika, lakini chumvi itatiwa na mwenzake aliye safi, la sivyo watakaokula watashikwa na kifua. Sasa mimi sikuwa katika siku zangu, na wala sikuwa mkavu. Nilimwuliza jirani yangu Mama Rashidi, mwanamke wa Kimakonde, mwema sana. Alifikiri kidogo, akasema, "Kama hujakauka, usiiguse. Nitakutilia mimi." Basi kila jioni akavuka ua kuja kunitilia chumvi, na kila jioni safu nzima ikamwona akivuka. Ni mwanamke gani huyu ana siku zisizokwisha? Hapo ndipo neno kisonono lilipozaliwa, na kama mjuavyo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Bakari alilisikia kazini, likamfikia likiwa limenenepa.

"Una nini?" akaniuliza.

"Nawashwa."

"Mbona mimi siwashwi?"

Tulitazamana kama watu wanaodaiana, naye akavaa kofia yake akatoka.

Kulikuwa na mtu mmoja pale aliyedunga watu sindano uani kwake. Hakuwa mganga wala wa hospitali. Alikuwa na bomba la sindano, chupa zake alizojua mwenyewe zilikotoka, na ujasiri. Msishangae tulimwendea. Siku zile sindano ilikuwa imetuingia kichwani. Tulikuwa tumewaona watu wenye buba, vidonda vimewala pua, wamechomwa penisilini mara moja tu na ngozi ikafunga. Kidonge tulikidharau; tulisema dawa isiyouma si dawa. Yule bwana akatudunga mimi na Bakari siku moja, kwa ugonjwa ambao hakuuona kwa macho wala hakuuliza unafananaje. Bakari hakubadilika, maana hakuwa na kitu. Mimi muwasho ukachanua. Nikarudi, akaniambia ugonjwa una mizizi mirefu, akanidunga tena. Kila nilipotoka kwake nilikuwa mbaya zaidi, na kila nilipokuwa mbaya zaidi nilimrudia.

Pia nilijiosha. Tangu unyagoni nilifundishwa kwamba mwanamke safi hujiosha hadi ndani, nami sikuwahi kuuliza ndani hiyo inaishia wapi. Nilijiosha kwa sabuni ya kufulia. Nilijiosha kwa maji ya chumvi, na siku moja kwa maji ya ndimu. Siku ile ya ndimu Mama Rashidi alinikuta nimelala kifudifudi sakafuni, natetemeka, na badala ya kuuliza akakaa chini akanishika mguu. Alinishika tu, hadi nikatulia. Huruma ile naikumbuka kuliko dawa nyingi nilizopewa baadaye.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Bakari alinirudisha Nkowe. Hakutamka talaka. Lakini mkeka wangu aliukunja na kuufunga yeye mwenyewe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu anioe.

Mama alinipokea vizuri mpaka aliponiona nikinywa maji. Nilimaliza kata ya kwanza, nikachota ya pili, nikachota tena. Aliniangalia akiwa ameshika ungo wake, mchele haukupepetwa tena. "Somoe," akasema. Hakuwa ananiita mimi kwa makosa. Alikuwa anamwona.

Niwaambieni habari za Somoe. Alikuwa dada yangu mkubwa, mnene kama mimi, mcheshi kunizidi. Alianza kujikuna nikiwa bado mwali. Akakonda, akawa anakunywa maji kama ardhi ya Oktoba, na mumewe akamrudisha. Kwetu mwanamke ambaye uchungu wa uzazi unamkatalia, au aliyeshikwa na maradhi ya huko chini yasiyosikia dawa, huambiwa ataje. Ataje mwanamume aliyekwenda naye nje ya ndoa. Akishataja, husemwa, mwili hufunguka na dawa huingia. Asipotaja, atakufa na siri yake, na siri hiyo itaukalia ukoo. Wakakaa na Somoe siku baada ya siku. Mwishowe akataja: Ausi, mshona nguo, kapera asiye na ndugu kijijini kwetu, ambaye wakati huo alikuwa amekwenda Lindi kwenye mashamba ya mkonge. Ausi aliporudi hakuelewa kwa nini hapokewi salamu. Alipoelewa, akakataa, akaapa, hakuna aliyemsikia. Akahamia Naipingo, akaacha mikorosho yake ikizaa mikononi mwa wengine. Na Somoe, baada ya kutaja, hakupona. Alikufa. Watu wakasema alichelewa kutaja.

Mimi niliyasikia hayo yote nikiwa nyuma ya pazia la mlango, na nikayaamini. Kumbe yalikuwa yananingoja.

Kungwi wangu Bi Mwanaidi, ndiye aliyenicheza unyago, alinichemshia magome akaniogesha kwa maji yake. Yaliunguza. Ngozi ilitoka. Alifanya kwa mapenzi, machozi yakimtiririka, akiniimbia polepole kama nilipokuwa mwali. Mvua zikanyesha, watu wakapanda, mimi nimekaa barazani natazama miguu yangu ikikonda ndani ya kanga. Pete ilinitoka kidoleni nikiosha bakuli. Nilianza kuota mchana, nimefumba macho kidogo tu, nikimwona Somoe amekaa pembeni ya mtungi, amenipa mgongo, anakunywa. Hakuwahi kugeuka. Nikifumbua macho, mtungi uko peke yake, na mimi ndiye mwenye kiu.

Kisha wakaja sisimizi. Niliposhindwa kufika chooni nilikojoa nyuma ya nyumba, na mama alikuta mahali pale pamejaa, weusi, wamejipanga kama wanaokwenda sokoni. Alirudi ndani hana rangi usoni. "Walimfuata dada yako pia," akasema. Siku ile ile akatuma mtu amwite mjomba.

Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye mwenye neno katika nyumba yetu, kama ilivyo desturi ya Wamwera. Si mtu mbaya. Alikuja alasiri, akaketi, akala kidogo kwa adabu. Bi Mwanaidi akaketi upande wa kichwa changu, mama upande wa miguu. Wakaanza kwa upole sana.

"Mwanangu," mjomba akasema, "hakuna atakayekupiga. Taja tu, tukutoe humo."

"Sina wa kumtaja, mjomba."

"Kila mtu hana, mpaka ataje."

"Kambini kuna wanaume wengi," mama akasema. "Si kosa lako. Peke yako, mume yuko kazini."

"Mama, sina."

"Somoe naye alisema hivyo hivyo. Akachelewa."

Waliondoka, wakarudi kesho yake. Wakarudi tena. Hawakupaza sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Wangenipiga ningewachukia, ningepata nguvu. Lakini walinibembeleza kama anavyobembelezwa mgonjwa anywe uji. Nikaanza kujichunguza. Je, niliwahi kumtazama mtu vibaya? Je, inawezekana mtu akafanya jambo na asijue? Mwili wangu ulikuwa unanuka kosa, na mimi ndiye pekee niliyesema kosa halipo. Mnajua mtu anavyochoka kuwa peke yake upande mmoja? Kutaja kukaanza kuonekana kama kitanda kilichotandikwa.

Basi nikatafuta jina. Ndiyo, nililitafuta, nikiwa na akili zangu. Nilitaka mtu wa mbali, asiye na mke wa kumwumiza, asiyeweza kurudi. Nikampata. Jina likakaa mdomoni, tayari.

Mjomba alipokuja siku ile nilikuwa nimeamua. Nikaomba maji kwanza. Mama akanipa kata, nikanywa yote, nikaomba nyingine, na nilipokuwa nameza nikaelewa. Somoe alifanya hivi. Alikaa hapa hapa, akanywa, akatafuta mtu aliye mbali. Mkonge uko Lindi, Ausi yuko kwenye mkonge, ataumia nini? Nikaweka kata chini.

"Sitaji," nikasema. "Nikifa, nizikeni nikiwa sijataja."

Bi Mwanaidi alianza kulia. Mjomba akainuka bila kuaga.

Sasa Bakari. Habari zilimfika Nachingwea, akaja kwa baiskeli, njia nzima ya matope, akafika amerukiwa tope hadi kwenye nyusi. Alikaa nami barazani. Alikuwa ameona mifupa yangu ya mabega na hakujua aweke wapi macho yake.

"Kama yupo, niambie mimi," akasema. "Nitasamehe. Wallahi nitasamehe."

"Hayupo."

Ningependa kuwaandikia kwamba aliniamini. Hakuniamini. Alisema, "Ukifa hujataja, watasema ugonjwa ni wangu. Twende misheni." Nikacheka, kicheko cha kwanza tangu kiangazi, maana ilikuwa kweli na alikuwa ameisema wazi. Mapenzi huja na miguu mbalimbali. Ya mume wangu yalikuja na hofu ya kusemwa, nami nikayapanda.

Mama aliogopa tutabatizwa. Alinifungia hirizi mkononi, kisha akaniwekea asali kwenye chupa nipate nguvu njiani. Bakari alinisukuma juu ya baiskeli hadi Nanganga, tukapata lori lililobeba magunia. Kila lilipotingishika nilishika upande wa bodi nikasoma nilichokumbuka cha Kurani. Asali nikainywa yote.

Hospitali ya misheni ilikuwa na benchi refu chini ya kibaraza, na ukuta uliopakwa chokaa ukaacha alama nyeupe kwenye migongo yetu sote tuliongoja. Wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo, sote migongo myeupe. Mwanamke aliyekaa karibu nami, mjamzito, alihama ubavu huu, akahamia ubavu ule. Nikamtazama. Akanitazama. "Na wewe?" akanong'ona. Nikamwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako." Alicheka mpaka akashika tumbo. Sikuwa nimewahi kudhani kwamba yuko mwingine. Yeye alikuwa mke wa katekista, ana mume mmoja na mimba tu, na anawashwa kama mimi.

Daktari alikuwa sista Mzungu, mzee, Kiswahili chake kikavu kama makopa ya muhogo. Nesi wa Kimakua alimsaidia maneno. Walinitazama. Nilifunika uso kwa kanga, nikingoja neno kisonono. Halikuja. Sista akauliza kama nina kiu. Nikashangaa: mtu anatazama chini, anauliza habari za mdomo. Nikamwambia kuhusu maji, kuhusu choo, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuficha, nikamwambia na sisimizi. Aliacha kuandika. Akataka mkojo wangu, akautia kwenye kijichupa chembamba chenye maji ya bluu, akakichemsha juu ya moto mdogo mbele yangu. Maji ya bluu yakawa kijani, yakawa manjano, kisha yakawa mekundu kama tofali.

"Sukari," nesi akasema. "Una sukari kwenye damu, imezidi, inamwagika na mkojo. Na huko chini una ukungu, kama unaoota kwenye makopa yaliyoanikwa vibaya. Ukungu huu wanawake wengi wanao kidogo, umelala. Sukari imeulisha."

"Nani aliniambukiza?"

"Hakuna mtu."

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena, kwa Kimwera, ili nisipate pa kukimbilia. Hakuna mtu.

Aliponiuliza dawa nilizotumia, nikamtajia sindano, sabuni, ndimu, magome. Sista alifumba macho kidogo. Nesi akaeleza kwamba penisilini huua na wadudu wema wanaouzuia ule ukungu, na kujiosha ndani huwaondoa waliobaki. Kumbe kila nilichofanya ili nipone kilikuwa kinaulimia shamba.

Kisha sista akauliza, "Kwenu yupo mwingine aliyekuwa hivi? Kiu, kukonda?"

"Dada yangu."

"Yuko wapi?"

Nikavuta kanga usoni. Nesi alinisubiri, akaelewa, akaweka mkono wake begani pangu. Pale ndipo nililia. Sikulia kwa ajili yangu.

Walinipaka dawa ya zambarau, huko ndani na nje, siku baada ya siku. Itawatia rangi mapaja, itawaharibia kanga, msiione haya. Bakari alifua kanga zangu mtoni na kurudi na vidole vya zambarau, wanaume wenzake wakamcheka, naye akawaacha wacheke. Hakuwahi kuniomba radhi. Alifua. Muwasho ulipungua kama mvua inavyopungua, haukatiki siku moja. Walinikataza sukari, asali, uji mzito. Walinipa sindano za kushusha sukari hadi nikapata nguvu, kisha nikaishi kwa kujinyima, na miaka ya baadaye vidonge vikaja. Ndiyo, vile vile tulivyovidharau.

Sasa mkiwashwa, msikimbilie kumtafuta mwizi. Yawezekana ni mimba. Yawezekana ni dawa uliyonywa au kudungwa kwa ugonjwa mwingine. Yawezekana ni nguo mbichi inayokukalia kutwa, au sabuni inayoingia isikoitwa. Oga nje, ndani mwachie Mungu. Muwasho ukirudi na kurudi, na una kiu, mwambie daktari habari za kiu kabla hajauliza, na usione haya kutaja sisimizi. Nami sitawadanganya kwamba kila muwasho ni ukungu. Kisonono kipo, na nacho kina dawa yake. Lakini anayejua tofauti ni aliyetazama, si aliyesikia.

Nilirudi Nkowe wakati ufuta unavunwa. Mjomba nilimweleza kwanza. Alinisikiliza, akachukua fimbo yake, akaenda Naipingo kwa Ausi. Alirudi siku ya pili, akasema Ausi alimpa maji ya kunywa, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kushona.

Mama nilimweleza jikoni, nikipika. Nilimweleza yote: kijichupa, rangi nyekundu, ukungu, sukari, dada yangu. Hakukatiza. Alikuwa anachambua kunde, akaendelea kuchambua hata zilizokwisha kuchambuliwa.

"Basi Somoe hakuwa na mtu," akasema.

"Hakuwa na mtu, Mama."

"Sasa alimtaja Ausi wa nini?"

"Mlimwuliza."

Vidole vyake vikasimama kwenye ungo. Moto ulilia kwa kuni mbichi, nikazisogeza.

"Na wewe," akasema kwa sauti ndogo, "siku ile. Ulikuwa na jina?"

"Nilikuwa nalo."

"La nani?"

Nikamtajia. Dereva mmoja wa trekta kule Nachingwea, mtu wa Nyasa, aliyekuwa amemaliza mkataba akarudi kwao.

"Ulikuwa ukimjua?"

"Nilimwona akipita barabarani, Mama. Hata salamu hatujawahi kupeana."